Aila na Sheria ya Ndoa katika Misri, 1875–2000

Makusudi ya makala hii ni kuchungua jinsi hukumu za ndoa na talaka zilivyogeuka katika nchi ya Misri tangu robo ya mwisho ya karne ya 19 hata mwaka 2000, na kuonyesha mageuzi hayo yalivyogusa maisha ya mume, mke na watoto. Habari hii imekwisha kuandikwa sana kwa Kiarabu na kwa lugha za Ulaya, na aghalabu husimuliwa kwa namna moja. Upande mmoja huwekwa Sharia ya kale isiyogeuka. Upande wa pili huwekwa mambo mapya yaliyotoka Ulaya. Kisha historia hufanywa kuwa mvutano wa pande hizo mbili. Masimulizi hayo huwaridhisha wote wanaobishana, maana mwenye kulinda hupata cha kulinda, na mwenye kubomoa hupata cha kubomoa. Walakini hayaafikiani na mambo yalivyokuwa. Nitajaribu kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya yale yaliyoitwa ya kale katika karne ya 20 ilitengenezwa na serikali katika karne ya 19. Na kwamba matengenezo ya kwanza, ya mwaka 1920 na 1929, yalikuwa kwa kiasi kikubwa kuifungua tena milango iliyokuwa wazi zamani.

Misri imechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, sheria zake za ndoa zilifuatwa kama kielelezo na nchi nyingine za Kiarabu. Pili, maandishi ya wanazuoni wake yalifika mbali, hata pwani yetu ya Afrika ya Mashariki. Katika makala hii neno Sharia lina maana ya ile ya dini, na neno sheria lina maana ya amri iliyoandikwa na kutangazwa na serikali.

1. Ushahidi wa maneno

Yafaa kuanza na maneno, kwa kuwa maneno hushuhudia mambo ambayo wasemaji wenyewe huenda wameyasahau. Msomaji akivifungua vitabu vya fikihi vya zamani, ataona mlango wa nikahi, mlango wa mahari, mlango wa talaka, wa eda, wa malezi na wa mirathi. Hataona mlango wa aila. Mafakihi walijadili mikataba na haki za watu, kila mtu kwa nafasi yake: mume, mke, mtoto, walii, wasii. Hawakuitazama nyumba ya mume, mke na watoto wao kuwa kitu kimoja chenye hukumu zake.

Neno ambalo leo hutumika katika Kiarabu kwa sheria za ndoa na mirathi, yaani al-ahwal al-shakhsiyya, lina umri mdogo. Lilifuata mfano wa istilahi ya mawakili wa Kifaransa, na lilienea Misri kwa sababu ya kitabu cha Muhammad Qadri Pasha kilichotolewa mwaka 1875. Kitabu hicho kilikusanya hukumu za madhehebu ya Hanafi katika vifungu 647 vyenye nambari, kwa mtindo wa vitabu vya sheria vya Ulaya. Serikali haikukitangaza kuwa sheria, lakini makadhi na mawakili walikitumia kana kwamba ni sheria. Hali kadhalika maneno usra na aila, kwa maana ya mume na mke na watoto wanaokaa pamoja na kuwa msingi wa taifa, yalishika nguvu katika maandishi ya karne hiyo hiyo ya 19. Kwa hiyo mtu asemapo kwamba anailinda "sheria ya aila" ya mababu, ajue kwamba jina lenyewe si la mababu.

Kiswahili nacho kina ushahidi wake. Maneno yetu ya ndoa, kama nikahi, mahari, talaka, eda, rejea, faskhi na khuluu, yametoka katika fikihi. Nalo neno aila tunalo. Lakini neno lenye mafunzo zaidi ni nafaka. Katika Kiarabu nafaqa ni masurufu, na katika fikihi ni yale yampasayo mume kumpa mkewe ya chakula, mavazi na makazi. Katika Kiswahili maana ya kawaida imekuwa mahindi, mpunga, mtama na mfano wake. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani, masurufu ya mke hupimwa kwa mudi za chakula kila siku: mudi 2 kwa mume tajiri, mudi 1 na nusu kwa mume wa kati, na mudi 1 kwa fukara. Basi si ajabu jina la haki kuwa jina la chakula. Tutaona kwamba jambo hilo hilo la masurufu ndilo lililoifungua sheria ya Misri ya mwaka 1920.

2. Mahakama zenye madhehebu manne

Waturuki waliitwaa Misri mwaka 1517. Madhehebu ya dola yao yalikuwa Hanafi, lakini raia wa Misri walio wengi walikuwa Shafii katika nchi ya kaskazini na Maliki katika nchi ya kusini. Kadhi mkuu alikuwa Hanafi, naye alikuwa na manaibu wa madhehebu yote manne. Mtu mwenye shauri aliweza kulipeleka kwa kadhi ambaye madhehebu yake yalimfaa katika shauri lile. Daftari za mahakama hizo zimehifadhiwa kwa wingi, na katika nusu karne iliyopita wataalamu wamezisoma kwa bidii. Yaliyomo yaligeuza mawazo ya wengi. Wanawake, wala si wa nyumba kubwa tu, walifika mahakamani wenyewe kudai mahari, masurufu na fungu la urithi. Wengine waliandikisha masharti katika mkataba wa ndoa: kwamba mume asioe mke mwingine juu yao, asiweke suria, asiwahamishe mbali na mji wa wazazi wao.

Faida ya kuwa na makadhi wa namna nne yaonekana tukilinganisha hukumu zao. Kwa Hanafi, mwanamke aliyebaleghe na mwenye akili aweza kujiozesha mwenyewe bila ya walii. Lakini akiisha kuolewa, hana njia ya kutoka kwa amri ya kadhi isipokuwa kwa ila chache za mume, kama vile kushindwa tendo la ndoa. Kwa Maliki mambo yamegeuka. Hawezi kuolewa bila ya walii, lakini akidhuriwa, au akinyimwa masurufu, au mume akitoweka, kadhi aweza kumtoa. Kwa Hanbali sharti la kutoolewa mwenzake lina nguvu, na likivunjwa mke ana hiari ya kuivunja ndoa. Kwa kusema kwa mfano, madhehebu moja yaliacha wazi mlango wa kuingilia na kuufunga wa kutokea, na jingine likafanya kinyume chake. Palipokuwa na makadhi wa madhehebu yote katika mji mmoja, mwanamke aliyejua mambo, au aliyekuwa na jamaa wanaojua, hakukosa mlango.

Hatusemi haya kwa kuzipamba zama hizo. Mume aliweza kutoa talaka kwa ulimi wake bila ya sababu wala shahidi. Watoto wa kike waliozwa kabla ya kubaleghe. Nyumba za wenye mali zilikuwa na masuria walionunuliwa. Mwanamke maskini wa shamba, aliyekaa mbali na mahakama, huenda hakupata lolote katika tuliyoyataja. Tunachosema ni kwamba Sharia kama ilivyohukumiwa ilikuwa pana kuliko kitabu kimoja.

3. Mlango unafungwa

Watawala wa ukoo wa Muhammad Ali, aliyeshika nchi mwaka 1805, walitaka serikali yenye amri moja, jeshi moja, kodi moja na hukumu moja. Kuanzia katikati ya karne ya 19 makadhi wa Misri walibanwa wahukumu kwa madhehebu ya Hanafi peke yake, na kanuni za mahakama za mwaka 1880 na 1897 zilikaza jambo hilo. Jambo hili lilionekana kuwa la utaratibu tu. Hakuna aliyetangaza kwamba haki za wake zinapunguzwa. Lakini mwanamke wa Maliki katika nchi ya kusini, ambaye nyanya yake angaliweza kutolewa na kadhi kwa kukosa chakula, sasa aliambiwa kwamba hukumu ya Mungu ni kungoja. Mke ambaye mumewe ametoweka aliambiwa angoje mpaka wapite duniani watu wa umri wa mumewe. Masurufu ya siku zilizopita, ambayo kadhi hakuyakadiria wala mume na mke hawakuyapatana, hayakuhesabiwa kuwa deni. Tena kanuni ya mwaka 1897 iliruhusu hukumu ya utii itimizwe kwa nguvu, askari wakamrudisha mke katika nyumba ya mumewe. Desturi hiyo, iliyokuja kuitwa nyumba ya utii na kutetewa kuwa ya asili, ilipata nguvu yake katika mkono wa polisi wa serikali mpya.

Katika miaka hiyo hiyo mambo mengine yote yaliondolewa mikononi mwa makadhi. Mahakama za mchanganyiko, kwa mashauri yaliyohusu wageni, zilianza mwaka 1876. Mahakama za taifa, zenye sheria zilizofuata mfano wa Ufaransa, zilianza mwaka 1883. Biashara, jinai, ardhi na deni vikaenda huko. Makadhi walibakiwa na ndoa, talaka, mirathi na wakfu. Kwa hiyo nyumba ya mume na mke ikawa ngome ya mwisho ya Sharia, na kila aliyetaka kuigusa alionekana kuwa aigusa dini yenyewe. Uzito huo haukuwako zamani, wakati Sharia ilipokuwa sokoni na shambani kama ilivyokuwa nyumbani.

4. Wenye kalamu

Wakati sheria ilipokuwa ikifungwa, maisha yalikuwa yakifunguka. Rifaa al-Tahtawi, aliyekaa Paris tangu 1826 hata 1831, aliandika mwishoni mwa umri wake kitabu cha kuwafundisha wasichana na wavulana pamoja. Yeye mwenyewe, mwaka 1839, alimwandikia mkewe hati ya kujifunga kwamba hataoa mwingine wala kuweka suria, na akiyafanya hayo mkewe atakuwa ametalikika. Hati hiyo ni ya maana kwa hoja yetu: hata kwa fikihi ya Hanafi, talaka iliyofungamanishwa na sharti ilikuwa njia ya kujilinda. Mwaka 1873 skuli ya wasichana ya serikali ilifunguliwa Cairo kwa msaada wa mmoja wa wake wa Khedivi Ismail, na mwaka 1877 Misri na Uingereza zilipatana kuzuia biashara ya watumwa. Masuria wakawa adimu. Ismail alikuwa na wake kadhaa. Mwanawe Tawfiq, aliyetawala 1879 hata 1892, alikuwa na mke mmoja. Ndoa ya mke mmoja ikaanza kuwa alama ya heshima katika nyumba za wakubwa kabla ya sheria yo yote kuitaja.

Jina linalokumbukwa zaidi ni la kadhi wa mahakama za taifa, Qasim Amin (1863–1908), ambaye vitabu vyake viwili, cha mwaka 1899 juu ya kumpa uhuru mwanamke na cha mwaka 1900 juu ya mwanamke mpya, vilizusha majibu mengi. Lakini aliyefanya kazi yenye kudumu katika sheria ni Sheikh Muhammad Abduh (1849–1905), aliyekuwa Mufti wa Misri tangu 1899 mpaka kufa kwake. Alizizuru mahakama za kadhi, akaona wake walioachwa bila ya chakula na bila ya talaka. Dawa aliyoitoa haikutoka Ulaya. Mwaka 1900 alipendekeza kwamba kadhi wa Misri aruhusiwe kufuata Maliki katika mambo ya masurufu, kutoweka kwa mume na madhara. Pendekezo hilo lililala kwa miaka 20. Kuhusu kuoa wake wengi, alishikilia kwamba Kurani imeruhusu kwa sharti la uadilifu, na kwamba mtawala aweza kuzuia ruhusa iliyogeuka kuwa dhuluma.

Wanawake nao walisema wenyewe. Malak Hifni Nasif (1886–1918) alikuwa mwalimu, akaolewa na mkuu wa kabila la Kibedui katika Fayyum, na alipofika huko alikuta mumewe ana mke mwingine. Makala zake zilikusanywa katika kitabu mwaka 1910. Hakukubaliana na Qasim Amin katika kuharakisha kuvua utaji. Kwake yeye elimu na kuzuiwa kwa ukewenza na talaka za ovyo vilitangulia. Mwaka 1911 madai yake yalifikishwa mbele ya mkutano mkuu wa Wamisri. Huda Shaarawi (1879–1947) aliozwa binamu yake akiwa na umri wa miaka 13, kwa sharti kwamba mume aachane na suria aliyezaa naye. Sharti lilipovunjwa, aliishi mbali naye kwa muda wa miaka 7. Mwaka 1923 alianzisha chama cha wanawake wa Misri, na mwaka huo huo, aliporudi kutoka mkutano wa Roma, aliufunua uso wake katika stesheni ya gari moshi ya Cairo. Watu hukumbuka utaji. Wachache hukumbuka kwamba chama chake kilidai pia umri wa ndoa, kuzuiwa kwa talaka na ukewenza, na elimu ya juu. Mwishoni mwa miaka ya 1920 wasichana waliingia chuo kikuu cha Cairo, na wa kwanza wao walihitimu mwaka 1933.

5. Sheria za mwaka 1920 na 1929

Vita vya 1914 hata 1918 vilipandisha bei ya vyakula na kuwatoa wanaume wengi wa mashamba kwenda kulifanyia kazi jeshi la Kiingereza. Wake walioachwa bila ya masurufu wakawa wengi hata serikali haikuweza kufumba macho. Sheria nambari 25 ya mwaka 1920 iliyafanya masurufu kuwa deni juu ya mume tangu siku aliyoacha kuyatoa, na ikamruhusu kadhi kumtaliki mke wa mume asiyetoa masurufu, na mke wa mume aliyetoweka. Yote hayo yalitoka katika Maliki. Yalikuwa ni mapendekezo ya Sheikh Abduh yaliyofufuka. Na kwa maana nyingine, yalikuwa ni yule naibu wa kadhi wa Maliki aliyerudi katika kiti chake baada ya kutolewa.

Sheria nambari 25 ya mwaka 1929 ilikwenda mbele zaidi. Mke aliyedhuriwa na mumewe, au aliyeachwa mwaka 1 na zaidi bila ya udhuru, au ambaye mumewe amefungwa gerezani kwa miaka 3 na zaidi, alipewa haki ya kuomba talaka kwa kadhi. Talaka ya mlevi na ya aliyelazimishwa, ambayo Hanafi huihesabu, haikuhesabiwa tena. Talaka 3 zilizotamkwa mara moja zilihesabiwa kuwa 1. Muda wa juu wa mimba, ambao kwa Hanafi ni miaka 2 na kwa Shafii miaka 4, uliwekwa kuwa siku 365 kwa kufuata ushauri wa matabibu. Yafaa kuangalia kwamba katika jambo la talaka 3 wenye kuitunga sheria walitoka nje ya rai mashuhuri za madhehebu yote manne, wakashika rai ya wachache, akiwemo Ibn Taymiyya. Njia hii ya kuchagua, waliyoiita takhayyur, ilianza kwa kurudisha. Sasa ilikuwa ikijenga. Mwanamke wa Misri aliweza kuolewa kwa fikihi ya Hanafi na kuachwa kwa fikihi ya Maliki, na milango yote miwili ikawa wazi katika nyumba moja kwa mara ya kwanza.

6. Kalamu ya karani

Pamoja na kuchagua, serikali ilikuwa na chombo kingine kisicho na makelele. Fikihi yakubali kwamba mtawala aweza kumwekea kadhi mipaka ya mashauri atakayoyasikiliza. Kwa njia hiyo sheria nambari 56 ya mwaka 1923 haikusema kwamba ndoa ya mtoto ni batili. Ilisema kwamba ndoa haitaandikishwa, wala shauri lake halitasikilizwa, ikiwa mke hajafikia miaka 16 au mume miaka 18. Sheria ya mwaka 1931 ikaongeza kwamba madai ya ndoa ikanwayo hayatasikilizwa mahakamani bila ya hati rasmi. Hakuna halali iliyofanywa haramu. Lakini maadhuni, yaani karani aliyeidhiniwa kuandikisha ndoa, akawa na nguvu ambayo mashahidi wawili na walii hawakuwa nayo.

Busara ya njia hii ilikuwa kubwa, na gharama yake haikuwa ndogo. Ndoa isiyoandikishwa, iitwayo ya urfi, ilibaki kuwa sahihi mbele ya Mungu na mbele ya majirani, lakini mahakamani haikuwapo. Mwanamume aliyetaka kuoa kwa siri alipata njia, na mwanamke aliyekubali alijikuta ameolewa pasipo kuweza kudai masurufu wala talaka. Baba aliyetaka kumwoza binti wa miaka 14 aliweza kungoja cheti baadaye, au kutafuta hati ya umri isiyo ya kweli. Hali ya mke wa urfi haikupata nafuu mpaka mwaka 2000, sheria ilipomruhusu kuomba talaka akiwa na maandishi yo yote ya kuithibitisha ndoa.

7. Yaliyoachwa

Mtu akizitazama sheria hizi pamoja ataona kwamba zilimpa mke njia ya kutoka, lakini hazikumwondolea mume uwezo wake. Kamati iliyowekwa mwaka 1926, iliyokuwa na wanafunzi wa Sheikh Abduh, ilipendekeza kwamba mwenye mke asioe mwingine bila ya ruhusa ya kadhi, na kwamba masharti ya mke katika mkataba yawe na nguvu. Mfalme Fuad alikataa jambo la wake wengi, na sheria ya 1929 ikatoka bila ya vifungu hivyo. Kwa hiyo sharti la mkataba, lililokuwa ngao ya mwanamke katika daftari za zamani, halikurudi.

Mwaka 1955 serikali ya Gamal Abdel Nasser ilizivunja mahakama za kadhi, na kuanzia tarehe 1 Januari 1956 mashauri yao yakaingia katika mahakama za taifa. Mahakama ziligeuka, hukumu hazikugeuka. Wanawake walipata kura mwaka 1956, waliingia viwandani na maofisini kwa maelfu, na mwaka 1962 Hikmat Abu Zayd akawa waziri wa kwanza mwanamke. Lakini waziri huyo, kama karani na kama mkulima, nyumbani alikuwa chini ya sheria za 1920 na 1929. Nyumba ya utii kwa nguvu za polisi ilikomeshwa mwaka 1967 tu.

Mwaka 1979 Rais Anwar Sadat alitoa sheria nambari 44 kwa amri yake, wakati bunge lilipokuwa halikutani. Ilihesabu kuoa mke wa pili bila ya ridhaa ya mke wa kwanza kuwa ni madhara yenyewe, na ilimpa mtalaka mwenye watoto wadogo haki ya kubaki katika nyumba. Watu waliiita sheria ya Jihan, kwa jina la mke wa Rais, na jina hilo liliidhuru kuliko hoja za wapinzani. Mwezi wa Mei 1985 Mahakama Kuu ya Katiba iliibatilisha, kwa sababu hapakuwa na dharura ya kuitoa bila ya bunge. Miezi miwili baadaye bunge lilitunga sheria nambari 100, iliyorudisha mengi, ila mke aliyeolewa mwenzake sasa alitakiwa kuthibitisha madhara.

Kisha ikaja sheria nambari 1 ya mwaka 2000, yenye kifungu cha khuluu. Mke aweza kujivua katika ndoa bila ya kuthibitisha madhara yo yote, akirudisha mahari na kuziacha haki zake za fedha, baada ya mahakama kujaribu suluhu. Na hukumu hiyo haina rufaa. Waliotunga waliitegemeza juu ya hadithi ya mke wa Thabit bin Qays, aliyemrudishia mumewe bustani yake akaachwa. Mafakihi walio wengi walikuwa wamesema kwamba ridhaa ya mume yahitajiwa. Hapa takhayyur ilikwisha kazi yake, na wabunge walirudi kwenye hadithi yenyewe. Hata hivyo sheria hiyo hiyo ilibakiza kanuni kwamba pasipo na kifungu kilichoandikwa, kadhi atafuata rai yenye nguvu zaidi katika madhehebu ya Hanafi. Mlango uliofungwa katika karne ya 19 ungaliko, nyuma ya ile iliyofunguliwa.

Wala si haki kuisifu khuluu bila ya kuitazama bei yake. Mwanamke mwenye kazi na mshahara aweza kuziacha haki zake na kuondoka. Mwanamke aliyepigwa na asiye na kitu, ambaye hakuweza kupata mashahidi wa kuthibitisha madhara, ananunua uhuru wake kwa fedha zile zile ambazo Sharia ilikusudia zimlinde siku ya kuachwa. Mume kwa upande wake hununua lolote? Atamka, kisha aandikisha kwa maadhuni. Yuko wazi aliyetoka kwa urahisi, na yuko wazi aliyelipa.

8. Mwisho

Jarida la al-Manar, lililoanzishwa Cairo mwaka 1898 na Rashid Rida, mwanafunzi wa Sheikh Abduh, lilisomwa na wanazuoni wa pwani ya Afrika ya Mashariki. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa (1891–1947) aliyapokea mawazo yake, akayaeneza kwa Kiswahili katika Sahifa mwaka 1930 na katika Al-Islah mwaka 1932. Lakini kilichovuka bahari kilikuwa ni wito wa elimu na wa kuziacha bidaa. Sheria za Misri za 1920 na 1929 hazikuvuka pamoja nao, kwa kuwa makadhi wa pwani walikuwa na madhehebu yao na serikali yao. Hapo pana somo la njia kwa mtafiti wa Kiswahili: kusoma neno moja la fikihi katika nchi mbili si kusoma hukumu moja. Neno faskhi kwa kadhi wa Shafii na kwa jaji wa Cairo lina herufi zile zile, na nyuma yake zimo historia mbili.

Somo lililo kubwa zaidi ni hili. Katika mabishano ya ndoa, "ya kale" ni dai, nalo lahitaji ushahidi kama madai mengine. Yapasa kuuliza: ni ya kale tangu lini, kwa madhehebu gani, na katika daftari gani? Mwanamke wa Misri aliyeambiwa mwaka 1900 kwamba dini yake haimpi njia aliambiwa jambo ambalo daftari za mahakama za nchi yake mwenyewe zilikuwa zikilikanusha, nazo zilikuwa zimefungwa katika makabati, hazisomwi.